Anime kuigizwa na watu: tatizo sio wigi, ni uzito

Kila ikitangazwa kwamba anime fulani (katuni ya Kijapani) inatengenezewa muvi ya watu halisi, yani hata trela haijatoka, hata haijulikani nani anaigiza nani, watu washaweka matanga. "Wameshaiua hiyo." "Si waiache tu ilivyo." Na siwalaumu, mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nyoka mwenyewe wote tunamjua kwa jina, ni Dragonball Evolution ya 2009. Ile ambayo Goku, shujaa wa Dragon Ball, kafanywa mwanafunzi wa sekondari ya Kimarekani anayeonewa na wenzake na shida yake kubwa maishani ni kwenda pati ya Chi-Chi, msichana anayempenda. Mwandishi wa skripti yake, Ben Ramsey, mwaka 2016 aliwaomba radhi mashabiki hadharani, akasema wazi kwamba aliifuata hela na wala hakuwa shabiki wa hiyo hadithi. Akira Toriyama, aliyeichora Dragon Ball, naye alishawaambia mapema kwamba skripti ina matatizo, hawakumsikiliza, na ile hasira ni sehemu ya kilichomrudisha kazini kwenye muvi ya anime Battle of Gods ya 2013, kwahiyo angalau tukaambulia kitu.

Ila kuna watu wanatoka hapo wanakata hukumu moja kwa moja kwamba haiwezekani, anime ni anime, ukiweka binadamu imekufa. Hapo ndo nagoma. Inawezekana, imeshafanyika mara nyingi tu, tena zile zilizofaulu sana zina tabia ya kutojulikana kabisa kwamba zilitoka kwenye manga, yani vitabu vya katuni vya Kijapani. Nani aliyekesha na Boys Over Flowers ya Korea ya 2009 akasema aah hii ni manga imegeuzwa? Hamna. Ni manga ya Yoko Kamio, Hana Yori Dango, ilianza 1992, na kabla Wakorea hawajaigusa Wataiwani walishaitengeneza 2001 kwa jina la Meteor Garden, halafu Wajapani wenyewe 2005. Oldboy ya 2003 hivyo hivyo, watu wanaiweka kwenye muvi kali za Korea za muda wote na hawajui kwamba mzizi wake ni manga ya Kijapani. Kwahiyo tunachofanya ni kuhesabu maiti, waliopona hatuwahesabu maana wamepona mpaka kovu halionekani.

Sasa kinachofanya moja ipone na nyingine ife ni nini. Mashabiki wengi ukiwauliza wanaanza na muonekano, nywele hazijasimama, macho madogo, nguo za kosplei, muigizaji hafanani. Mi naona muonekano uko wa tatu au wa nne huko. Cha kwanza ni mwili. Mtu aliyechorwa hana uzito. Akitaka anasimama hewani, anaongea dakika nzima ngumi ikiwa sentimita mbili kutoka puani kwake, anakimbia mpaka miguu inakuwa duara, na jicho lako linakubali kwa sababu tangu ukurasa wa kwanza mlishaelewana kwamba huu ni wino. Muigizaji ana kilo sitini, sabini, ana mifupa, anapumua, anapepesa macho. Ukimning'iniza kwenye waya arukie ghorofani unaona kabisa kiuno kimetangulia na miguu inafuata inabembea, na hata waya ukishafutwa kwa kompyuta bado mwili wako wewe mtazamaji unajua yule hajaruka, kavutwa.

Na muda nao. Kwenye manga muda uko mikononi mwa msomaji, paneli moja unaweza kuikodolea sekunde kumi, ngumi imeishia njiani, wahusika watatu wanakumbuka utoto wao, unafunua ukurasa ndo ngumi inafika. Anime ilirithi hiyo ikaongeza na ya kwake ambayo kwa kiasi kikubwa ilitokana na ukata tu. Osamu Tezuka alipoanza kurusha Astro Boy kwenye TV mwaka 1963 hakukuwa na hela wala muda wa kuchora kila mwendo kila wiki, ndo maana picha zinaganda, mdomo tu ndo unacheza, mandhari ileile inarudi, mistari ya kasi inapita nyuma ya mtu aliyesimama. Ule ubahili ukageuka lugha. Leo picha ikiganda, uso wa mhusika nusu umeingia kivulini, damu inasisimka, hakuna anayewaza kwamba hapo zamani bajeti ilikata.

Chukua ile sehemu ya krispi kwenye anime ya Death Note, ile ya Light, kijana mwenye daftari ambalo akiandika jina la mtu anakufa, anayeijua ashaanza kucheka. Light yuko chumbani kwake, anajua kamera zinamwangalia, kaficha kitivii kidogo ndani ya pakiti ya krispi. Mkono mmoja unafanya hesabu, mwingine unaandika majina ya watu wa kufa, halafu anachukua krispi moja, anaila. Basi. Hicho ndo kinachotokea. Lakini kwaya inaimba, rangi zinageuka, mkono unachomoa ile krispi kwa mkupuo mmoja kama anachomoa upanga, inavunjika mdomoni, vipande vinaruka. Ni upuuzi mtupu na ni moja ya vitu bora kwenye anime nzima. Mpe muigizaji aifanye vilevile, kipimo kwa kipimo, unapata kijana anayekula krispi vibaya.

Ndo maana zile muvi za Kijapani za Death Note za 2006 alizoongoza Shusuke Kaneko zilifika salama, sio kwa sababu zilikuwa na hela (ukiliangalia lile zimwi la kifo Ryuk la kompyuta leo utalionea huruma), ni kwa sababu walijua utamu wa hii hadithi uko kwa watu wawili wenye akili wanaodanganyana macho kwa macho, na hicho ni kitu ambacho binadamu anaweza kukiigiza. Kenichi Matsuyama kama L, mpelelezi anayemsaka Light, hakujaribu kuwa mchoro. Alichukua zile tabia za L, kuchuchumaa juu ya kiti, kushika vitu kwa ncha za vidole, kujijaza sukari, akazifanya tabia za mtu mmoja wa ajabu ambaye ukikutana naye kwenye lifti utashuka ghorofa inayofuata. Halafu ikaja ile ya Netflix ya 2017 ya Adam Wingard, watu walilalamika kwanini imehamishiwa Seattle, mi Seattle haina shida yoyote na mimi, shida ni kwamba L, mtu ambaye silaha yake ni kutulia, wamempa bastola wakamkimbiza mitaani. Lakeith Stanfield ni muigizaji mzuri sana na unaona kabisa anajitahidi, ila kapewa mhusika aliyetolewa mfupa. Sauti ya Willem Dafoe kama Ryuk naikubali, ile ilikaa.

Haya, mapigano. Hapa ndo kuna ugomvi wenyewe maana anime nyingi zinazotamaniwa kugeuzwa ni za kupigana. Na hapa mi kila siku narudi kwenye Rurouni Kenshin ya 2012, ile ya mpiga upanga. Muongozaji Keishi Otomo, Kenshin mwenyewe Takeru Satoh, lakini mtu ambaye kwangu ndo shujaa wa hiyo muvi ni Kenji Tanigaki aliyepanga mapigano, Mjapani aliyejifunzia kazi Hong Kong kwenye kundi la Donnie Yen. Kwenye manga Kenshin ana kasi ambayo jicho halioni, anatoweka hapa anatokea nyuma yako. Njia ya mkato ilikuwa kumwachia mtu wa kompyuta amfute na kumrudisha. Wao wakaenda njia nyingine, wakajiuliza kama kweli kungekuwa na mtu mdogo wa mwili, mwepesi, mwenye haraka kuliko wote chumbani, angekimbiaje? Na jibu liko pale unaliona, Satoh anakimbia kainama mpaka mkono unakaribia kusugua sakafu, hapigi kona kwa hatua, anateleza kwa kisigino vumbi linafumka, anazunguka na nguvu ileile iliyobaki kwenye pigo la kwanza ndo inampiga wa pili, ukuta ukimkaribia anaukanyaga anageukia hapohapo. Unasikia miguu. Unasikia nguo. Na upanga wake makali yako upande wa nyuma kwahiyo kila pigo linatua zito, mtu anaanguka kama aliyepigwa na kitu sio kama aliyekatwa na mwanga. Ule uzito ambao kila mtu anahangaika kuuficha wao wameufanya ndo burudani.

Na angalia nywele zake sasa, kwa wale wa nywele. Kwenye manga ni nyekundu inayowaka, kwenye muvi wameipooza ikawa kahawia yenye wekundu kwa mbali, nguo nazo zinaonekana zimevaliwa na mtu anayetembea barabarani. Hamna aliyelalamika. Mtu akishasadiki miguu hana muda wa kukagua nywele. Zikaja mbili 2014, zikaja mbili tena 2021, muvi tano na Satoh ni yuleyule, ni wangapi wanaweza kusema hivyo.

Oldboy nayo ni hadithi ya uzito ukiniuliza mimi. Ile korido. Choi Min-sik kashika nyundo, mbele yake kundi la watu na mabomba na marungu, kamera iko pembeni inatambaa nao kulia kushoto bila kukata, dakika karibu tatu, korido imelala bapa kwenye skrini mpaka unahisi unasoma paneli moja ndefu inayojichora. Lakini kilichomo ndani yake ni kitu ambacho wino hauna. Wanachoka. Jamaa kachomwa kisu mgongoni na kisu kiko palepale, anaanguka, wanamrundikia, anaibuka, kila mtu anahema, kuna sekunde wote wamesimama wanaangaliana tu hakuna mwenye hamu ya kuanza tena. Na muongozaji Park Chan-wook hakuifuata manga kiasi hicho, kwenye manga mtu anafungwa miaka kumi kwenye muvi kumi na tano, na sababu ya kufungwa kaibadilisha kabisa ikawa kitu kizito ambacho siwezi kukitaja hapa kwa ajili ya wale hawajaiona. Cannes 2004 wakampa Grand Prix. Kwahiyo wale wanaosema dawa ni kufuata manga neno kwa neno naomba waniambie hii wataiweka wapi.

Maana kufuata neno kwa neno nako kuna wahanga wake. Fullmetal Alchemist ya 2017, ya Fumihiko Sori, ilijitahidi sana kufanana, wakaenda mpaka Italia kupiga picha za mitaa ya kizungu, wakamvisha shujaa wake Edward nywele za njano na lile koti jekundu, na matokeo yake kila Edward akiingia kwenye picha unaona koti kwanza, halafu wigi, halafu ndo mtu. Kilichonishangaza ni mdogo wake, Alphonse, ambaye ni deraya tupu isiyo na mtu ndani na imetengenezwa yote kwa kompyuta, ndo aliyenigusa kuliko waliobaki. Deraya ina mikwaruzo, inang'aa pale mwanga unapogonga, ikikaa chini unahisi sakafu imebeba kitu. Yani asiye na mwili ndo kapewa mwili, wenye miili wamegeuzwa michoro. Nilikaa nikacheka peke yangu.

Alita: Battle Angel ya 2019 watu waliikataa kwenye trela ya kwanza kwa ajili ya macho, mnakumbuka, yale macho makubwa, watu wakasema inatisha. Muvi ilipotoka baada ya robo saa umeshayasahau. Robert Rodriguez na James Cameron (aliyekuwa producer na alikaa na huo mradi miaka mingi sana) walifanya kitu kimoja cha akili, macho makubwa anayo Alita peke yake. Christoph Waltz ana macho yake ya siku zote, mtaa mzima una macho ya kawaida, na Alita ni mashine kwahiyo ile tofauti ina maana ndani ya hadithi. Ukizidisha kila kitu hakuna kilichozidi. Halafu ana uso wa Rosa Salazar chini ya ile kompyuta yote, misuli ya mdomo ni ya mtu. Ina mapungufu yake, mapenzi yale ya yule kijana Hugo mi yalinichosha, na imeishia njiani kabisa kana kwamba sehemu ya pili inatoka wiki ijayo, tunasubiri hadi leo.

Sasa twende kwenye ile mechi ambayo inafaa kufundishia, Cowboy Bebop na One Piece. Zote za Netflix, zote zimetengenezwa na kampuni moja, Tomorrow Studios, zimepishana hata miaka miwili haifiki. Bebop ilitoka Novemba 2021, episodi 10, na kabla wiki tatu hazijaisha ikatangazwa imefutwa. One Piece ikatoka Agosti 2023, episodi 8, ikawa kubwa dunia nzima na ikapewa sizoni ya pili chapchap. Na kwa akili ya kawaida ilitakiwa iwe kinyume! Bebop ni watu wazima wenye suti wanavuta sigara, ina mapigano ya mikono, bunduki, jazi, hata ukiichora kwa binadamu hamna kinachovunjika. One Piece ni kijana wa mpira, kuna mtu mwenye panga tatu na ya tatu kaing'ata kwa meno, kuna klauni anayekatika vipande, kuna watu samaki. Mwaka 2021 ungeniambia nitabiri ningeweka hela yangu kwa Bebop bila kufikiri mara mbili.

Kilichotokea kwa Bebop, kwa macho yangu, ni kwamba waliiga picha wakasahau pumzi. Anime ya 1998 ya Shinichiro Watanabe imejaa ukimya, shujaa wake Spike kalala kwenye kochi hana la kufanya, friji haina kitu, meli inaelea, muziki wa Yoko Kanno unaingia halafu unaondoka. Episodi moja dakika ishirini na kitu na nusu yake hakuna anayesema la maana. Wa 2021 wakachukua suti, wakachukua muziki wa Kanno huyohuyo, halafu wakaongea. Wanaongea wakipigana, wanaongea wakila, utani juu ya utani, kamera kila saa imelazwa kiubavu ubavu ili ionekane ni katuni, na Vicious, adui wa Spike, ambaye kwenye anime ni kivuli kinachopita mara chache na ndo maana anaogopesha, huku wamempa nyumba, baba, ndoa na hasira za kitoto. John Cho aliyeigiza Spike mi simlaumu, jamaa aliumia goti kabisa wakati wa kupiga picha mpaka kazi ikasimama miezi, hiyo ni kujitoa. Watanabe mwenyewe alikuja kusema alianza kuiangalia, ikafungua na tukio la kwenye kasino, akashindwa kuendelea. Mwenye kitu chake kaishia mlangoni.

One Piece wao kwanza walikuwa na mchoraji wake Eiichiro Oda mwenyewe ndani ya nyumba, na alishawaandikia mashabiki kwamba Netflix wamekubali haitoki mpaka ye aridhike. Hiyo inasaidia ila haitoshi, Oda hawezi kumfundisha mtu kuigiza. Kilichosaidia ni maamuzi madogo madogo ya mwili. Meli ni meli. Wamezijenga Cape Town, mbao za kweli, kamba za kweli, mtu akikimbia kwenye sitaha unasikia ubao. Pua ya Usopp ya kwenye manga haipo, kaachwa Jacob Romero Gibson na pua yake. Nyusi ya Sanji iliyojikunja nayo sizoni ya kwanza hamna, badala yake Taz Skylar kajifunza mateke na kajifunza kushika kisu cha jikoni, mtu anayesema ni mpishi unamuamini kwa anavyokata kitunguu. Na ule mpira wa Luffy, ambao tuseme ukweli ukinyooka unaonekana wa ajabu ajabu tu, wameutoa kwa kibano, muda mwingi Iñaki Godoy anatumia kitu kingine kabisa, ule uso unaotabasamu bila kujibana, wa mtu ambaye kweli haoni kwanini asiwe mfalme wa maharamia. Hiyo haitengenezwi na kompyuta.

Ile sehemu ya Nami, anayeijua anaijua. Kwenye anime anajichoma kisu begani pale kwenye ile alama ya Arlong, haramia anayemtesa, machozi yanashuka mito, mdomo umefunguka uso mzima, anamuomba Luffy amsaidie, Luffy anamvisha kofia. Ni kelele, na inatakiwa iwe kelele. Emily Rudd angelia hivyo ingekuwa vichekesho. Yeye kaipunguza, sauti inakatika kabla sentensi haijaisha, na kofia ikitua kichwani unaona mabega yanashuka. Mabega tu. Tukio lilelile, limetafsiriwa kutoka wino kwenda nyama, na wamebana zaidi ya episodi 40 za anime kwenye 8 bila hapo pakaonekana pamekimbizwa.

Na kama unataka ushahidi kwamba tatizo sio waigizaji, mfuatilie Mackenyu, yule Zoro wa panga tatu kwenye One Piece, mtoto wa Sonny Chiba. Huyo bwana kaigiza hizi vitu mpaka basi. JoJo ya Takashi Miike ya 2017 yumo, ile iliyotangazwa kama sehemu ya kwanza na sehemu ya pili hatujaiona. Rurouni Kenshin: The Final ya 2021 ye ndo Enishi, na pambano lake la mwisho na Satoh ni moto. Fullmetal ile ya mwendelezo 2022 ye ni Scar. Knights of the Zodiac 2023 ye ndo Seiya, na ile muvi ilikuja ikazama bila hata kuacha povu. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, Zoro. Mtu mmoja, mwili mmoja, mafunzo yaleyale. Penye waliomwachia apigane kapigana, penye waliomfunika na miale ya kompyuta hata jina lake ulikuwa hulikumbuki.

Lazima nitaje na moja inayonivurugia nadharia yangu, Speed Racer ya 2008 ya wale ndugu Wachowski. Hiyo haina uzito hata gramu. Magari yanateleza hewani, rangi za pipi, cha mbele na cha nyuma vyote vinaonekana sawasawa hamna ukungu, nyuso zinapita kwenye skrini kama pazia kubadilisha tukio. Badala ya kumleta mchoro kwa binadamu wakampeleka binadamu kwenye mchoro mzima mzima, na ikaanguka sokoni vibaya sana. Mi naipenda. Kila miaka inavyoenda nakutana na watu zaidi wanaoipenda. Tofauti yake na zile mbaya ni kwamba walikwenda mpaka mwisho, hakuna sekunde moja wanajifanya hii ni dunia yetu, wakati zile mbaya zinasimama katikati, mtaa wa kweli na wigi la plastiki.

Kwanini zinaendelea kutengenezwa hata zikianguka, hilo halina siri, manga inakuja na wasomaji wake tayari, na kule Japani muvi nyingi zinafadhiliwa na kamati, mchapishaji yumo, kituo cha TV kimo, wakala wa wasanii yumo, kila mtu kaweka hela na kila mtu ana lake. Mara nyingi tarehe ya kutoka na sura ya kwenye bango vinajulikana kabla skripti haijakaa sawa.

Naruto, ile ya ninja, nayo inakuja, mwaka 2024 walimtangaza Destin Daniel Cretton, yule wa Shang-Chi, na Shang-Chi ile pigano la kwenye basi lilikuwa na mwili kabisa kwahiyo sijaweka matanga. Trela ikitoka mi wala sitaangalia nywele za njano, nitaangalia vidole. Zile ishara za mikono za ninja ni kitu adimu, ni uchawi ambao binadamu anaweza kuufanya kweli, kwa mazoezi, haraka, mbele ya kamera bila kukata. Wakizipiga picha kwa karibu na mwigizaji anazijua, tuna muvi. Wakikata kamera kila ishara mbili, mnanielewa. Na ule mkimbio wa mikono nyuma waache kabisa, tafadhali.

Ila Akira hapana. Warner Bros. walichukua haki zake 2002, wakapita waongozaji kibao, Taika Waititi akapangiwa mpaka tarehe ya 2021, na hamna muvi iliyotoka. Sawa tu. Nikiulizwa kwanini hiyo naikatalia wakati nimetetea ya mtu wa mpira, ni kwa sababu ya 1988 ya Katsuhiro Otomo tayari ina uzito. Ile pikipiki nyekundu ya Kaneda inavyofunga breki kiubavu, tairi linasuguana na lami, moshi, mwili wake unayumba kisha unatulia, ni mchoro na unahisi kilo zake zote. Ndo hichohicho kilichoikuta Ghost in the Shell, ya 1995 ya Mamoru Oshii ilishakuwa muvi kamili, maji yanarushwa, risasi zinachimba kuta, ikabaki kwa wa 2017 kunakili lile pambano la kwenye maji madogo na kumtafutia Scarlett Johansson historia ya utotoni. Picha nzuri, siwezi kukataa. Ila nilikuwa nawaza muda wote kwamba hii nishaiona, na ile niliyoiona ilikuwa nzito zaidi.